Ng'ambo ya Ziwa Kavu

Kambariri, Mbeere
14 Januari 2025

Kwa rafiki yangu Mwalimu Kobia,

Salamu nyingi kutoka huku kwa jua. Mimi na Wambeti hatujambo. Mbuzi nao hawajambo, ila yule beberu mwenye pembe moja alikula kamba ya plastiki akafa.

Nimekupigia simu mpaka nikachoka. Yule mwanamke wa kwa simu ananiambia tu mteja hapatikani. Nikamwambia Wambeti, basi nitaandika kama zamani, dereva wa lori la mbuzi anapita Kanyakine akienda soko la Nkubu, ataifikisha. Wewe mwenyewe ndiye ulinizoesha barua, ukinitumia zile picha zako za roketi zenye mishale kila mahali.

Novemba tuliwangoja wewe na klabu yako mje kurusha. Wambeti alipika ndengu ya watu kumi na tano na hakuna gari ilikuja. Nilikasirika siku hiyo, sitakudanganya. Sasa imeisha.

Neno lenyewe ni hili. Ukoo umegawa lile ziwa kavu. Mpimaji alikuja kabla ya Krismasi akapiga bikoni za mpaka kutoka mwamba ule mweusi mpaka barabara. Upande wa magharibi, pale mlipomwaga sakafu ya simiti ya kusimamishia reli ya roketi, umeangukia Nyamu. Nyamu si mtu mbaya. Lakini anataka kuchimba bwawa hapo kabla mvua ya Machi haijaanza, apande tikiti. Amesema simiti itoke. Tingatinga likiikuta, litaisaga pamoja na bolti zake.

Mimi nimepata mashariki. Ni udongo ule ule mweupe, umepasuka vile vile, tambarare mpaka macho yachoke. Hamia kwangu. Shida moja tu ni mizinga yangu ya nyuki iko karibu, na wewe unajua nyuki na kelele. Hiyo niachie mimi.

Nijibu haraka. Simiti ni yako, na sitaigusa bila neno lako.

Rafiki yako,
Muriithi


Kanyakine
23 Januari 2025

Kwa Mzee Muriithi,

Barua yako ya tarehe 14 imefika. Ilikuwa imeandikiwa Kobia, nikaifungua mimi mke wake. Kobia hayupo. Shughuli za klabu ziko kwangu na kwa Lennox, yule kijana anayetengeneza simu hapa sokoni.

Asante kwa kutuarifu juu ya mgao wa ardhi, na asante kwa kutupa nafasi upande wako. Kabla hatujakubali naomba kujua mambo haya. Sakafu ya simiti inaweza kuhamishwa bila kuvunjika, au ni bora kumwaga nyingine? Nyumba iliyo karibu zaidi na upande wa mashariki iko umbali gani? Kibali cha kurusha tulichopewa Nairobi kinataja upande wa magharibi peke yake, kwa hivyo lazima kiandikwe upya.

Simu siku hizi siishiki sana. Ukiwa na neno, niandikie.

Pole kwa zile ndengu. Msalimie mkeo, Mama Rwamba.

Karwirwa
Kwa niaba ya Klabu ya Roketi ya Kanyakine


Kambariri
1 Februari 2025

Mama Adrian,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Kobia alikuwa akiniambia bibi yake anaandika kama mashine, na ni kweli.

Nimeskia Kobia hayupo. Nikakaa nikafikiria hayupo ameenda wapi, halafu nikakumbuka. Mwaka jana tukiwa tumekaa hapa tukingoja upepo utulie, aliniambia kuna masomo ya walimu wa fizikia, wanapelekwa Japani sijui Korea kwa miezi kadhaa, na yeye ameweka jina. Kumbe alichukuliwa! Na hakuniaga, mjanja huyo. Hapo nimemsamehe yote, ya simu na ya ndengu. Simu ya huku haishiki hata Ishiara, itashika Japani?

Ukimwandikia mwambie nimefurahi. Mwambie pia kuna dume la mbuzi nimelitenga. Siku atakayorudi ndio siku yake ya mwisho, ya mbuzi nasema.

Sasa majibu yako. Nyumba iliyo karibu ni ya mama mmoja mjane, na kutoka kwake mpaka pale ninapotaka kuweka reli, ukianza kutembea asubuhi na mapema viatu vinapata moto kabla hujafika. Lennox akija atapima kwa ile saa yake inayohesabu mwendo. Simiti inaweza kuhama. Nimeizunguka na mtaimbo nikaigonga kila upande, ni nzima kabisa. Kumwaga nyingine ni kupoteza. Kobia alichora jina lake pale kwa kona na msumari, na mimi nikaweka alama ya ng'ombe zangu. Hiyo haiwezi kusagwa.

Nyuki nimeanza kuwahamisha. Mizinga mitatu tayari iko ng'ambo ya mto. Nimeumwa shingo na sikio, Wambeti anasema sasa nafanana na kiazi kikuu.

Nyamu anataka pawe wazi mwisho wa mwezi huu. Niruhusu nianze.

Muriithi


Kanyakine
9 Februari 2025

Mzee Muriithi,

Barua yako nimeisoma. Salamu zako kwa Kobia nimezisoma pia.

Maombi ya kibali kipya nimeyapeleka. Wamesema hayatachukua muda kwa sababu ziwa ni lile lile, upande tu ndio umebadilika. Lennox atakuja huko Jumamosi ijayo kuchukua vipimo. Naomba umwonyeshe mahali hasa.

Kuhusu simiti, ningependa usubiri Lennox aione kwanza. Kama ni lazima ihame, basi itafutwe namna isiyo na hatari. Ikivunjika, ivunjike. Hatutadai mtu.

Huku kumetulia. Naenda ofisini Meru asubuhi na kurudi jioni. Watu wa ofisini ni wazuri. Wanaongea kwa sauti ya chini nikiingia. Nyumbani mbwa amezaa watoto watano, na sikujua ana mimba.

Karwirwa


Ishiara
16 Februari 2025

Madam Karwirwa,

Nakuandikia nikiwa hapa Ishiara, ndio nimepata network. Nilitaka kupiga nikakumbuka hushiki.

Kwanza kazi. Mahali ni pazuri kuliko pale pa zamani. Upepo unatoka upande mmoja tu, hakuna nyaya za stima, hakuna boma karibu. Vipimo nimeviweka kwa karatasi ya pili. Mzee amesafisha mawe yote kwa mkono. Eneo kubwa hivyo, Madam, kwa mkono.

Sasa hii ingine. Mzee hajui.

Tulikuwa tunakunywa chai akaniuliza, “Mwalimu anarudi lini?”

Nilidhani nimeskia vibaya. Nikasema, “Mwalimu yupi?”

“Mwalimu wenu. Huko Japani wamemweka sana.”

Nikaangalia Mama Rwamba, nikaona hata yeye anangoja nijibu. Nikasema, “Mzee, hayo uliza Madam.”

Akacheka akapiga goti lake. “Kumbe hata nyinyi hakuwaambia! Huyo ni Kobia kabisa.”

Halafu akanipeleka kwa zizi kunionyesha mbuzi, dume jeusi na kubwa, akaniambia nimpige picha nimtumie Mwalimu. Nimempiga picha. Iko kwa simu yangu na sijui niifanyie nini.

Madam, sikulaumu. Lakini huyo mzee anafanya kazi yote hiyo akidhani kuna mtu atakuja kuiona. Nimwambie mimi?

Lennox


Kanyakine
17 Februari 2025

Lennox,

Usimwambie. Si siri. Nitamwandikia mimi wiki hii.

Vipimo nimevipata. Asante kwa kwenda.

K.


Kambariri
24 Februari 2025

Kwa Mwalimu Kobia, kupitia kwa Mama Adrian,

Mwandiko huu si wangu, ni wa Rwamba binti yangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Mama Adrian, tafadhali hii umtumie huko aliko kama ilivyo, usipunguze kitu.

Kobia, simiti imevuka ziwa!

Niliitisha vijana wa hapa na fahali wanne. Tulichimba chini yake tukapitisha magogo, tukaifunga kwa mnyororo wa lori bovu la Nyamu. Ndio, Nyamu mwenyewe alikuja kusaidia, na alivuta kuliko watu wote. Ilikwenda polepole, inaacha mfereji nyuma yake kama konokono. Watoto wa shule walisimama kando wakiimba. Tulipofika katikati ya ziwa fahali wakagoma, tukakaa chini tukawangoja, hakuna kivuli, hakuna hata nzi. Ungekuwepo ungetupigia hesabu ya kitu.

Tukaifikisha. Wakati wa kuishusha kwa shimo lake jipya, gogo liliteleza na mkono wangu wa kushoto ulikuwa chini. Kidole cha pete kimekwenda. Kile cha kati daktari anasema kitapona lakini hakitakunjika. Usijisikie vibaya, nakuambia tena usijisikie vibaya. Mkono wa kushoto mimi natumia tu kushika kikombe. Wambeti ndiye amekasirika. Anasema Mwalimu anakaa Japani kwa raha na mimi nakatwa vidole kwa ajili ya mchezo wake. Nimemwambia si mchezo. Sikuweza kumweleza ni nini, lakini si mchezo.

Jina lako kwa kona liko. Halikukwaruzwa.

Mvua haijanukia bado. Kama utapewa ruhusa ya siku chache, njoo urushe moja tu kisha urudi.

Muriithi
(Baba ana homa lakini hataki niandike. Rwamba)


Kanyakine
28 Februari 2025

Mzee Muriithi,

Kobia alikufa.

Naandika hivyo mwanzoni ili usilitafute neno hilo katikati ya mengine. Mwezi wa kwanza nilikuandikia kwamba hayupo. Kwangu mimi neno lilikuwa limetosha. Wewe ulielewa amesafiri, na mtu yeyote angeelewa hivyo. Nilipaswa kukurekebisha siku ile ile, nami sikufanya hivyo.

Alikufa wiki ile mliyotungoja na ndengu. Jumanne alitoka darasani akisema kichwa kinamuuma. Akameza vidonge akalala. Jumatano hakuweza kutofautisha mkono wa kulia na wa kushoto. Tukampeleka Meru hospitalini, wakasema mshipa umepasuka ndani ya kichwa. Hakuamka tena. Ijumaa wakaniita chumbani wakaniambia, nami nikawauliza nitachukua wapi viatu vyake. Hilo ndilo nililouliza.

Tulimzika kwao Kianjai. Tangazo lilisomwa redioni kwa Kimeru. Sikufikiria kwamba huko kwenu mnasikiliza stesheni nyingine. Sikufikiria juu ya mtu yeyote. Watu walikuja na mimi nikawapa mkono.

Hakwenda Japani. Jina lake halikuchaguliwa.

Habari za mkono wako nimezisoma nikiwa ofisini. Niliikunja barua, nikamaliza kazi iliyokuwa mezani, nikaenda nyumbani. Ninajua kwamba kama ningeandika mapema ungemwaga simiti nyingine, au usingefanya lolote, na ungekuwa na vidole vyako. Sina la kusema juu ya hilo ambalo litakusaidia.

Nimemtuma Lennox alete dawa na mtu wa kuangalia kidonda. Tafadhali mkubalie.

Karwirwa


Kambariri
8 Machi 2025

Kwa Mama Adrian,

Mimi ni Wambeti, mama yake Rwamba. Mzee hajui kama naandika.

Barua yako ilisomwa na Rwamba hapo nje kando ya ghala. Alipofika pale, baba yake akamwambia, “Rudia hapo.” Akarudia. “Rudia tena.” Mtoto akaanza kulia, akashindwa. Mzee akasimama, akaenda akafungulia mbuzi. Ilikuwa jioni na mbuzi ndio kwanza wameingia. Walisimama tu mlangoni wakimwangalia. Akawapigia kelele watoke, wakatoka, wakatawanyika kila mahali na tukawatafuta mpaka giza.

Tangu siku hiyo haongei. Anakula. Dawa za Lennox ametumia, kidonda kinakauka. Asubuhi anaenda kwa ile simiti anakaa juu yake, anarudi jua likiwa kali.

Mimi nilisema maneno mabaya juu ya Mwalimu, kwamba anakaa kwa raha. Rwamba aliyaandika kwa barua. Sikujua. Nilimpikia mtu ambaye siku hiyo alikuwa kwa mochari, na nikamlaani kwa kutokuja.

Nilimzika mume wangu wa kwanza nikiwa na mimba ya Rwamba. Kwa hivyo mimi sikuulizi kwa nini hukuandika. Mwaka mzima sikusema jina lake, nilisema “yule”. Lakini Mzee atakuuliza. Jitayarishe.

Wambeti


Kambariri
12 Machi 2025

Mama Adrian,

Sasa naandika mwenyewe.

Kwetu mtu akifa, rafiki yake haachiwi asikie kwa upepo. Anatumiwa mtu, kwa miguu kama ni lazima. Mtu huyo akifika hata hasemi, anasimama tu nje ya boma, na wewe unajua. Wewe ulinitumia neno moja, hayupo, halafu ukaniuliza umbali wa nyumba.

Nimekuwa nikiongea na mtu aliye mchangani. Nimemwita mjanja. Nimemtengea mbuzi. Nimemtuma Lennox ampigie mbuzi picha! Na wewe ulikuwa unasoma, unakunja, unaweka.

Kidole usinitajie. Kidole si kitu. Ningetoa vyote vya mkono ule nishike koleo siku ile Kianjai, nitupe udongo wangu kama mwanaume, nirudi nyumbani nikijua. Hiyo ndiyo umeninyima. Dawa ya hiyo Lennox hawezi kuileta.

Kobia alikuja hapa mara ya kwanza wakati mimi nilikuwa nimefukuzwa na ndugu zangu, nalala kwa kibanda cha nyuki, hakuna mtu ananisalimia. Alikuwa anatafuta roketi yake imepotea. Tukaitafuta siku nzima, hatukuipata, na kesho yake akarudi. Nikamuuliza, “Umerudi kwa ile roketi?” Akasema, “Hapana, nimerudi kukusalimia.” Baada ya yeye kunisalimia, na watu wengine wakaanza. Hivyo ndivyo mimi nilirudi kuwa mtu hapa.

Msije kurusha kitu. Simiti itakaa pale ilipo, na mimi nitakaa juu yake.

Muriithi


Kanyakine
16 Machi 2025

Mzee Muriithi,

Yote uliyosema ni kweli na sitajitetea.

Uliuliza bila kuuliza kwa nini nilinyamaza, kwa hivyo nitakuambia ninavyojua. Huku kila mtu anamwita marehemu. Benki, shuleni, kanisani, hata Adrian akipiga simu kutoka Mombasa anasema “marehemu baba”. Walianza siku ile ile, kama waliokuwa wamejifunza. Nimejaza jina lake kwenye fomu na neno hilo mbele mara nyingi mpaka mkono unaandika wenyewe.

Kisha ikaja barua yako, na ndani yake anaulizwa kuhusu simiti. Anaambiwa, “Nijibu haraka.” Anatengewa mbuzi. Hapakuwa na mahali pengine popote duniani ambapo Kobia alikuwa bado anatarajiwa, ila kwenye barua zako. Nilikuwa nikizingoja. Sikulia nikizisoma, wala sikufurahi. Nilikaa tu na mtu aliyekuwa akimngoja, hata kama mimi simngoji. Sikufikiria ni nani analipia. Ulilipia wewe.

Hilo ndilo jibu. Halitoshi.

Hadithi ya kibanda cha nyuki hakuwahi kuniambia. Alisema tu, “Nimepata rafiki kule ziwani, anajua upepo.”

Maziko siwezi kukurudishia. Lakini kaburi liko, udongo haujashikana bado, na kaka yake hajaweka simiti juu. Jumamosi nitakuwa Mitunguu asubuhi na gari. Ukija na lori la mbuzi nitakupeleka Kianjai. Usipokuja nitarudi nyumbani na nitaelewa.

Kuhusu kurusha, kibali kipya kimetoka, lakini nimewaambia wanachama kwamba tumesimamisha.

Karwirwa


Kambariri
25 Machi 2025

Mama Adrian,

Nilifika nyumbani salama. Wambeti anashukuru kwa majani ya chai na mihogo.

Asante kwa kutonisemesha njiani. Kutoka Mitunguu mpaka Kianjai uliongea mara moja tu, kuniuliza kama dirisha lifungwe, na hiyo ilikuwa sawa.

Nilidhani nitasema mengi pale. Njia yote nilikuwa nayapanga. Kaka yake akaniletea kiti, nikakataa, nikasimama, na maneno yote yakaniacha. Nikaona tu magugu yameota upande wa miguu, nikainama nikayang'oa. Kwa mkono huu mbovu. Wewe ukaja ukang'oa ya upande wa kichwa. Tulipomaliza nikachukua udongo kiganjani nikautupa, ukaanguka bila sauti, basi. Nilikuwa nimechelewa lakini nilifika.

Halafu yule kaka akauliza, “Wewe ndiye Muriithi wa upepo?” Kwa hivyo hata huko Kianjai ninajulikana. Hiyo nimekuja nayo mpaka nyumbani.

Hasira bado iko. Sitakudanganya, ikipita nitakuambia. Lakini niliikalia ile simiti siku nyingi na nikaona ni upumbavu, mwanaume mzima kukalia sakafu ya roketi kama kuku. Sikuivusha ili niikalie.

Mawingu yameanza kurundikana upande wa mlima Kiang'ombe. Mkichelewa ziwa litakuwa matope mpaka Juni. Njooni Jumamosi hii. Mizinga yote iko mbali, na yule mama mjane nimemwambia asianike nguo.

Mbuzi pia nimeamua. Nitamchinja. Watu watakuwa wengi na watahitaji kula.

Muriithi


Kanyakine
2 Aprili 2025

Mzee Muriithi,

Lennox amenipa ujumbe wako. Unauliza kwa nini niliondoka bila kuaga, na kama ni wewe umenikosea. Hukunikosea. Nitakueleza, kwa sababu nimeona kuacha mambo yajieleze yenyewe kunaleta nini.

Jumamosi pale ziwani ulikuwa umesimama kando yangu Lennox alipohesabu. Roketi ikapanda. Ilipanda vizuri kuliko zote nilizowahi kuona, wala haikuyumba. Watu wote wakapiga kelele, mpaka Mama Rwamba. Ukasema, “Imeshika njia.” Nilikuwa nikiitazama kama mtu anayetazama televisheni ya jirani kupitia dirishani. Niliona kila kitu, na hakuna kilichonifikia.

Parachuti ikafunguka, upepo ukaichukua moja kwa moja hadi kwa Nyamu. Nikamwona akiruka kutoka juu ya lile rundo la udongo wa bwawa lake, anakimbia na kofia mkononi, na vijana nyuma yake. Akarudi ameikumbatia roketi kifuani, anapumua, anaonyesha kila mtu kwamba haijavunjika hata bawa moja. Ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nakuona ukicheka, maana kabla ya hapo kicheko chako nilikuwa nakisikia kwa barua tu. Na mimi nikaona kwamba sasa mtu atageuka aniulize ninajisikiaje, na jibu la kweli ni kwamba sijisikii chochote. Watu wamefanya kazi kubwa hivyo, wewe umetoa kidole, na mimi ndani ni kimya. Nikaona aibu. Nikaingia kwa gari nikaondoka, mbuzi wako akiwa bado motoni.

Niliendesha. Chiakariga mvua ikaanza, matone makubwa machache, kisha ikaacha. Nilipofika Mitunguu lori lilikuwa limeziba barabara, likipakia ndizi. Nikazima injini nikangoja. Wanawake wa pale walikuja madirishani na vichane, kama kawaida yao, nami nikatikisa kichwa. Halafu harufu ya zile zilizoiva ikaingia. Tumbo likanguruma kwa sauti mpaka mmoja wao akacheka.

Mzee, nilikuwa na njaa. Tangu Novemba nimekuwa nakula kwa sababu saa ya kula imefika, na kwa sababu watu wanaangalia sahani. Nilikuwa nimesahau kwamba njaa inauma. Nikafungua mlango nikatoka. Nikanunua kichane kizima, nikaanza kula pale pale nimesimama kando ya barabara na nguo zangu zenye vumbi jeupe la kwenu.

Yule mama akaniangalia. Akaniuliza, “Umetoka mbali?”

Nikamwambia, “Nimetoka Mbeere. Tulikuwa tunahamisha kitu cha mume wangu.”

“Na mwenyewe yuko wapi, akakuacha uendeshe peke yako?”

Nikasema, “Alikufa.”

Sikuwa nimewahi kulisema. Nimeliandika, na nimewaona watu wakilijua kabla sijafungua mdomo, lakini kulitamka kwa mtu asiyejua, hapana. Lilitoka na ndizi ndani yake. Yule mama hakushtuka. Akasema, “Pole, mama,” akachagua mbili kubwa kutoka kichane kingine akaniongezea.

Nikazila na hizo pia. Lori likaondoka, magari nyuma yangu yakaanza kupiga honi, na mimi bado nilikuwa nakula.

Karwirwa